Barua ya Wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi Kuhusu Hali ya Mahabusu Magerezani

Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

YAH: HALI YA MAHABUSU KATIKA MAGEREZA YA TANZANIA BARA

Mheshimiwa Waziri,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni askari magereza mstaafu. Nilivaa sare kwa miaka 27, nikianza nikiwa wada, yaani askari wa cheo cha chini kabisa, na kustaafu nikiwa sajini, na katika miaka hiyo nilipangiwa kazi katika magereza manne, makubwa na madogo. Nimefungua selo alfajiri na kuzifunga jioni, nimehesabu watu waliochuchumaa wawili wawili, nimesindikiza mahabusu mahakamani kwa karandinga na kuwarudisha, na nimekesha mnarani usiku wa mvua. Nayaeleza haya mapema ili asitokee mtu wa kusema kwamba mwandishi hajui gereza linavyoendeshwa, au kwamba ana kinyongo na askari. Sina kinyongo nao. Baadhi ya niliowafundisha kazi ndio walionifungulia lango siku nilipokwenda pale nikiwa na kikapu chenye sabuni na dawa ya meno, nikapanga foleni pamoja na ndugu wengine wa mahabusu, na mmoja wao akaona haya hata kunipekua.

Aliyenifikisha kwenye foleni hiyo ni mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu. Alikamatwa pamoja na vijana wenzake wawili baada ya mtu kuuawa katika ugomvi uliozuka usiku mnadani. Kwa kuwa shtaka la mauaji halina dhamana, alipelekwa mahabusu siku ileile aliyosomewa shtaka, na huko akakaa miaka miwili na miezi saba. Kwa mazoea ya kazi yangu niliweka daftari, na daftari hilo linaonyesha kuwa kesi yake ilitajwa mara 67. Katika mara zote hizo hakuna shahidi aliyepanda kizimbani, wala yeye hakutakiwa kujibu lolote, kwa sababu mahakama ya hakimu haina mamlaka ya kusikiliza shauri la mauaji. Alisimama, akasikia kwamba upelelezi haujakamilika, akapewa tarehe nyingine ya siku 14 mbele, akarudishwa kwenye gari. Siku ya mwisho upande wa mashtaka uliieleza mahakama kwamba Mkurugenzi wa Mashtaka hana nia ya kuendelea na shauri hilo. Akaachiwa. Alitoka akiwa na ndala za kuazima, kwa sababu viatu alivyoingia navyo havikuonekana stoo.

Baada ya hapo niliandika barua tatu kwa ofisi tatu ambazo sitazitaja, maana nia yangu si kumchongea mtu. Ya kwanza iligongwa muhuri wa kupokelewa mbele ya macho yangu. Ya pili nilijibiwa kwa simu kwamba suala linafanyiwa kazi. Ya tatu sikusikia lolote. Mwaka na zaidi umepita, nami nimeona nikuandikie wewe moja kwa moja na hadharani, kwa kuwa barua iliyosomwa na wengi ni vigumu kusahauliwa ndani ya jalada.

Sikuandikii kuhusu mpwa wangu, ambaye sasa yuko nyumbani. Nakuandikia kuhusu jambo ambalo nililiona kwa miaka 27 bila kulielewa, hadi nilipoliona kutoka upande wa pili wa lango: katika magereza yetu, mtu ambaye hajahukumiwa ndiye mwenye njia chache kuliko wote za kutoka, na ndiye anayeishi vibaya kuliko wote kabla hajatoka. Naomba nieleze.

1. Katiba na selo havisemi lugha moja.

Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba yetu inasema ni marufuku kwa mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mtu mwenye kosa hilo mpaka itakapothibitika kuwa anayo hatia. Ibara ndogo ya (d) inataka heshima ya mtu itunzwe wakati wote anapokuwa chini ya ulinzi bila uhuru, na ya (e) inakataza mateso na adhabu za kinyama au za kumtweza mtu. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1976, unakwenda mbele zaidi katika ibara ya 10 na kutaka washtakiwa watenganishwe na waliohukumiwa, na watunzwe kwa namna inayolingana na hali yao ya kutokuwa na hatia.

Sasa tazama siku ya gerezani ilivyo. Mfungwa anaamka, anahesabiwa, anapangiwa kazi. Anakwenda shambani, kwenye karakana au kufyatua matofali, anaona jua, anachoka, anarudi. Mahabusu, kwa kuwa sheria hairuhusu alazimishwe kufanya kazi, anabaki uani. Haki hiyo ilitungwa kumlinda, lakini kwa namna tunavyoitekeleza imekuwa sababu ya kumweka bila kazi, bila darasa na bila kitabu, kuanzia saa ya kufunguliwa hadi saa kumi jioni anapofungiwa tena ndani kwa zaidi ya saa kumi na mbili. Kanuni ya 116 ya Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Desemba 2015, inaeleza jambo hili vizuri: mahabusu asilazimishwe kufanya kazi, lakini apewe nafasi ya kuifanya akitaka, na akiifanya alipwe. Sisi tumeshika nusu ya kwanza ya kanuni na kuiacha ya pili.

2. Msongamano unaosemwa kwa wastani wa nchi si msongamano unaolaliwa.

Magereza yetu yalijengwa kuchukua watu wanaopungua kidogo 30,000, na kwa vipindi kadhaa idadi ya waliomo imepita hapo. Mtu akigawa namba hizo ofisini ataona tofauti si ya kutisha. Lakini gereza la kilimo lililo porini linaweza kuwa na nafasi, huku gereza la mjini, lililo karibu na mahakama, likiwa limefurika, kwa sababu mahabusu lazima awe mahali anapoweza kufikishwa mahakamani kila baada ya siku 14. Kwa hiyo wastani wa taifa unaficha ukweli wa magereza ya mjini kama Segerea, Butimba au Ruanda ya Mbeya, ambako ndiko mzigo wa mahabusu unakoangukia. Na mahabusu si wachache: kwa miaka mingi wamekuwa sehemu inayokaribia nusu ya watu wote waliomo magerezani.

Naomba nieleze usiku wa selo iliyofurika, kwa kuwa viongozi wanaotembelea magereza hufika mchana. Watu hulala kwa ubavu, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, na nyapara, yaani mwenzao aliyepewa usimamizi wa selo, ndiye anayetoa amri ya kugeuka, kwa maana mmoja hawezi kugeuka peke yake. Anayeinuka kwenda kwenye mtondoo akirudi anakuta nafasi yake imezibwa, basi hukaa amechutama hadi alfajiri. Mtondoo wenyewe, kwa asiyeufahamu, ni ndoo ya kujisaidia inayokaa humohumo ndani ya selo usiku kucha, na walio wapya ndio hulazwa jirani nao. Joto la miili hupanda mpaka kuta zinatoa jasho. Katika hali hiyo mtu mmoja akiwa na kifua kikuu, ugonjwa unaosafiri kwa hewa, hahitaji muda mrefu kuwaambukiza waliombana kulia na kushoto, na wao wakiachiwa wanakwenda nao nyumbani kwa wake na watoto wao. Nilipokuwa kazini nilizoea kusema kwamba wanakohoa kwa sababu ya vumbi.

Hatari hii si ya kufikirika. Novemba 2002, mahabusu 17 walikufa kwa kukosa hewa huko Mbarali, mkoani Mbeya, katika chumba kilichojazwa watu kupita uwezo wake. Nilikuwa kazini wakati huo, na nakumbuka jinsi habari ile ilivyotunyamazisha pale tulipokuwa. Kwa wiki chache tuliacha milango ya ndani wazi hadi giza lilipoingia. Kisha tukarudia mazoea yetu.

3. Kila mlango uliofunguliwa, umefunguliwa kwa aliyehukumiwa tu.

Hili ndilo ninaloomba ulisome mara mbili, Mheshimiwa Waziri, kwa sababu sijaona likisemwa waziwazi. Desemba 9, 2019, wafungwa 5,533 walipewa msamaha wa Rais. Aprili 2021, katika kuadhimisha Muungano, wakasamehewa wengine 5,001. Niliwapongeza walioamua hivyo na ninawapongeza bado. Lakini msamaha wa Rais humfikia aliyetiwa hatiani. Mahabusu hana hatia ya kusamehewa, kwa hiyo siku ya msamaha yeye huangalia wenzake wakivua sare na kuondoka, kisha hurudi kuketi uani. Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994 ni ya wafungwa. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 ni ya waliotiwa hatiani. Punguzo la theluthi moja ya kifungo kwa tabia njema ni la mfungwa, na mahabusu hata akiwa na tabia njema kuliko sheikh au padri hakuna siku atakayopunguziwa, kwa kuwa hana idadi ya siku.

Mfungwa wa miaka mitano anajua tarehe yake ya kutoka. Nimewaona wakiichora ukutani kwa mkaa. Mpwa wangu kwa miaka miwili na miezi saba hakuwa na tarehe ya kuchora.

4. Upelelezi usiokwisha ndio unaojaza selo.

Bunge lilikwisha kuliona tatizo hili, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ikarekebishwa ili mtu asifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika. Ni hatua kubwa. Hata hivyo marekebisho hayo yaliacha nje makosa makubwa, yale yanayosikilizwa na Mahakama Kuu, ambayo mengi hayana dhamana, na hao ndio mahabusu wanaokaa muda mrefu kuliko wote. Kwa maneno mengine, tumeziba tundu ambalo maji yalikuwa yanapita kidogo.

Kuhusu dhamana yenyewe sitabishana na mahakama. Mei 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 148(5) cha sheria hiyo, kinachozuia dhamana kwa makosa kadhaa, kinakinzana na Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Huo ndio msimamo wa sheria na nauheshimu. Lakini ikiwa sheria inasema mtu huyu asitoke hata kwa dhamana, basi sheria hiyohiyo inalidai dola kuharakisha kesi yake kuliko ya yeyote, na kwetu imekuwa kinyume: aliye nje kwa dhamana kesi yake inasikilizwa, aliye ndani inatajwa.

Ongeza jambo hili. Wakili anayelipwa na Serikali humfikia mshtakiwa wa mauaji asiye na uwezo pale shauri linapofika Mahakama Kuu. Katika miaka yote ya kutajwa, kijana anasimama peke yake mbele ya hakimu asiye na mamlaka ya kumsikiliza, na hakuna mtu wa kuuliza upelelezi huo umebakiza nini.

Tena inawezekana kufanya vingine, na tumewahi kufanya. Julai 2019 hayati Rais Magufuli aliingia gereza la Butimba, akawasikiliza waliomo, na katika siku zilizofuata mahabusu waliokuwa wakisubiri upelelezi usiokwisha walifutiwa mashtaka na kwenda makwao. Majalada yale yalikuwepo wiki moja kabla ya ziara. Sheria ilikuwa ileile, askari walikuwa walewale, bajeti ilikuwa ileile. Kilichoongezeka ni mtu mwenye mamlaka aliyeuliza.

5. Kukiri ili utoke.

Utaratibu wa makubaliano ya kukiri kosa uliingizwa katika sheria zetu mwaka 2019, na siupingi. Unaokoa muda na fedha. Ninachouliza ni hiki: mtu aliyelala kwa ubavu kwa mwaka wa tatu, asiyejua kesi yake itaanza lini, anapokubali kukiri kosa, anakiri kwa sababu alilitenda au kwa sababu amechoka? Mwenzake mmoja wa mpwa wangu alikuwa akisema wazi kwamba angekubali kifungo cha miaka mitatu kwa kosa lolote watakalomwandikia, ili mradi apewe namba ya kuhesabu.

6. Upekuzi, na hapa mimi mwenyewe ni mkosaji.

Mahabusu anaporudi kutoka mahakamani hupekuliwa. Ni lazima apekuliwe, maana vitu vya hatari huingia. Lakini katika magereza niliyofanya kazi tuliwavua nguo zote, wakiwa kumi au ishirini kwa pamoja, uani, wazee mbele ya vijana wa umri wa wajukuu zao, tukawaamuru kuchuchumaa na kuinuka. Niliwahi kumvua hivyo mzee aliyekuwa mwalimu wangu wa darasa la nne. Hakuniangalia, na mimi sikumwangalia. Kanuni za Mandela zinataka upekuzi wa namna hiyo ufanywe pale tu unapohitajika kabisa, faraghani, na askari wa jinsia moja aliyefunzwa. Jambo hili halihitaji fedha. Pazia la khanga lingetosha.

7. Wanawake, watoto na vijana.

Sina mengi hapa kwa kuwa sikupata kufanya kazi upande wa wanawake, ila nafahamu kwamba watoto wachanga huingia gerezani na mama zao, na mgawo wa chakula hupangwa kwa hesabu ya watu wazima. Majengo ya kuwahifadhi mahabusu watoto yapo katika mikoa michache. Penye upungufu huo nimepokea langoni vijana walioandikwa miaka 18 kwenye hati, huku sura na sauti zao zikisema miaka 15.

8. Malalamiko yanayorudi kwa anayelalamikiwa.

Mahabusu mwenye malalamiko huyatoa kwa nyapara, nyapara humwambia mkuu wa zamu, na mkuu wa zamu mara nyingi ndiye anayelalamikiwa. Wapo wakaguzi wa nje, na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina mamlaka ya kuingia magerezani. Lakini siku ya ugeni huwa inajulikana. Nimeshiriki kupaka chokaa, kuhamishia baadhi ya watu bustanini ili selo ionekane na nafasi, na kuwakumbusha waliobaki kwamba wageni wataondoka saa nane na sisi tutabaki. Mgeni aliandika kwenye kitabu cha wageni kwamba gereza ni safi. Lilikuwa safi siku hiyo.

Mheshimiwa Waziri, najua majibu yatakayotolewa, kwa kuwa nilikuwa nikiyatoa mimi.

La kwanza ni kwamba hakuna bajeti. Sehemu kubwa ya niliyoyataja haihitaji jengo jipya, na msongamano hupungua kwa bei nafuu zaidi kwa kufunga jalada lisilo na ushahidi kuliko kwa kujenga selo nyingine. La pili ni usalama. Askari yeyote mzoefu atakwambia, akiwa na uhakika kwamba hanukuliwi, kwamba selo ya hatari ni ile iliyojaa watu wasiojua hatima yao. La tatu ni kwamba hao ni wauaji na majambazi, na waliouawa nao walikuwa na haki. Ni kweli kwamba walikuwa na haki, na familia ya aliyeuawa mnadani hadi leo haijui ni nani aliyemuua ndugu yao; miaka miwili na miezi saba ya mpwa wangu haikuwapa jibu. Wamedhulumiwa wao pia.

Jibu la nne ndilo litakalotolewa kwa adabu zaidi, nalo ni kwamba Wizara yako hupokea tu mahabusu, na kwamba mashtaka na mahakama viko kwingine. Hapa naomba nikukumbushe kwa heshima kwamba Jeshi la Polisi linalopeleleza na Magereza yanayowahifadhi wanaosubiri upelelezi, yote mawili yako chini ya Wizara yako. Bungeni unasimama kuomba fedha za Fungu 28 la Polisi na Fungu 29 la Magereza katika hotuba hiyohiyo moja. Upelelezi unapolala kwenye fungu la kwanza, ugali na maharage ya wanaousubiri yanalipwa na fungu la pili. Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ni ya wizara nyingine, ni kweli, lakini jalada linalosubiriwa na mwendesha mashtaka kwa kawaida liko mezani kwa mpelelezi wako.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo. Naomba kila gereza litoe hadharani, kila mwezi, uwezo wake, idadi ya wafungwa, idadi ya mahabusu, na idadi ya mahabusu waliokaa zaidi ya miezi 12. Taarifa hizi zipo, kwa sababu hesabu hupigwa kila asubuhi na kila jioni, nami nimezipiga. Naomba orodha ya waliozidi miezi 12 iwekwe mbele ya Mkurugenzi wa Mashtaka na Mkurugenzi wa Makosa ya Jinai wa Polisi kila baada ya miezi mitatu, jalada kwa jalada, na kwa kila jina mpelelezi aandike kwa maneno ni ushahidi gani anaousubiri na kutoka wapi, badala ya kurudia kwamba upelelezi haujakamilika. Naomba Serikali ipeleke Bungeni muswada wa kuweka ukomo wa muda wa kutaja mashauri ya makosa yasiyo na dhamana. Ukomo huo uwe wa muda gani, wanasheria watajadili, lakini usikosekane.

Naomba itangazwe tarehe ambayo mtondoo utaondolewa, kwa kila gereza na jina lake, kwa kuwa ahadi isiyo na tarehe tumeizoea. Mahabusu apimwe kifua kikuu anapoingia na apimwe tena akiwa ndani, na zahanati ya gereza isimamiwe kitaalamu na mganga mkuu wa wilaya, ili mganga asipate amri ya tiba kutoka kwa mkuu wa gereza. Upekuzi wa uani ukomeshwe kwa waraka wa Kamishna Jenerali. Waraka mmoja wa ukurasa mmoja. Mahabusu anayetaka kusoma au kufanya kazi aruhusiwe, na alipwe. Kuwepo sanduku la malalamiko ambalo ufunguo wake unashikwa na Tume ya Haki za Binadamu, na ziara za Tume zisitanguliwe na simu.

Naomba pia ueleze umma utekelezaji umefikia wapi. Tume ya Rais ya kuangalia taasisi za Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi ripoti yake Julai 2023 baada ya kuzunguka nchi na kusikiliza wananchi. Tulioipa maoni yetu tungependa kuona, pendekezo kwa pendekezo, lipi limetekelezwa na lipi limekwama na kwa nini. Na kwa kuwa Katiba yetu imekwisha kukataza mateso, sioni sababu ya Tanzania kuendelea kuwa nje ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Mateso. Naomba Wizara yako ilipeleke jambo hilo Baraza la Mawaziri.

Kuhusu askari, niseme machache, kwa sababu wataisoma barua hii wakidhani nimewasahau. Anayefunga selo yenye watu mara mbili ya uwezo wake, akiwa na mwenzake mmoja zamu ya usiku, kisha anarudi kwenye nyumba ya kota inayovuja, naye anaishi gerezani kwa namna yake. Mahabusu mia mbili wakipungua, mzigo wake unapungua pia. Wenzetu wa Zanzibar waliamua zamani kuliita gereza Chuo cha Mafunzo, na ingawa jina halibadilishi kuta, nadhani humkumbusha askari kila anapolitamka kwamba aliyepewa amlinde ni mtu wa kurudi nyumbani.

Mpwa wangu hajaomba fidia wala hajaniomba nimwombee. Anachouliza ni kama anaweza kupata barua yoyote, hata ya mistari mitatu, inayosema kwamba alishikiliwa kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani na kwamba hakutiwa hatiani, kwa sababu kila anapokwenda kutafuta kazi ya udereva huulizwa alikuwa wapi miaka hiyo, na maelezo ya mdomo hayaaminiki. Nimeulizia, nikaambiwa hakuna fomu ya namna hiyo. Naomba itengenezwe.

Daftari langu lenye tarehe 67 ninalo. Ukihitaji kuliona, nitalileta Dodoma kwa nauli yangu, siku yoyote utakayonipangia.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Sajini mstaafu wa Magereza,
Kanda ya Ziwa.

Nakala:
Waziri wa Katiba na Sheria
Mkurugenzi wa Mashtaka
Kamishna Jenerali wa Magereza
Inspekta Jenerali wa Polisi
Mwenyekiti, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora